Kijana Mwerevu Aliyeshindwa na Herufi

Tumekwisha kuzungumza kuhusu chanjo, minyoo na shinikizo la damu. Leo sina dawa ya kukutajia. Nataka tuzungumze juu ya mwanafunzi wa shule ya upili ambaye akili anazo, macho anayo, masikio anayo, na bado ukurasa mmoja wa kitabu humtoa jasho kuliko kulima. Jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, kwa hivyo nitakupeleka mbali kidogo, hadi Uingereza na Marekani, kisha tutarudi hapa kwetu Kenya.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nyanya mmoja alimleta mjukuu wake katika kituo cha afya ninakofanyia kazi. Kijana alikuwa Kidato cha Pili na kichwa kilimuuma. Nikampima joto, nikampima malaria, hakuna kitu. Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda zake. Baada ya wiki mbili wakarudi, maneno yale yale, vidonge vile vile. Mara ya tatu nyanya alinitazama usoni akasema, "Sista, mbona kichwa hiki hakiumi Jumamosi?" Mimi mwenye stashahada ya uuguzi nilifundishwa swali na mama aliyeishia darasa la tatu.

Nikamtoa nyanya nje kidogo, nikaketi na kijana. Alinieleza kwamba katika somo la Kiingereza kila mwanafunzi husimama akasoma aya moja kwa sauti. Yeye alikuwa akihesabu madawati, akijua aya ipi itamwangukia, kisha akimwomba jirani amnong'onezee mpaka aikariri. Siku ambayo jirani hayupo, kichwa kiliuma. Na kiliuma kweli, msikilizaji. Usidhani alikuwa akisingizia. Nilimpa karatasi ya maelezo ya chanjo asome. Mistari minne ilimchukua muda mrefu, na maneno kadhaa aliyabuni kwa kuangalia herufi ya kwanza tu. Lakini nilipomuuliza kuhusu redio ya nyanya yake, alinieleza jinsi alivyoifungua, akatafuta waya uliokatika karibu na spika, akaulehemu, ikaimba. Alieleza vizuri kuliko mimi ninavyokueleza sasa.

Je, kijana kama huyu ni mjinga? Ni mvivu? Maswali hayo yalikwisha kuulizwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tarehe 7 Novemba 1896 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa fupi ya Daktari W. Pringle Morgan wa Seaford, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Taarifa ilimhusu Percy, mvulana wa miaka 14. Percy alikuwa mchangamfu, mwepesi katika michezo kama wenzake, na macho yake hayakuwa na kasoro. Alikuwa amefundishwa kwa miaka saba, shuleni na pia na walimu wa pembeni, na bado alisoma kwa taabu maneno mafupi kabisa. Jina lake mwenyewe alipoliandika, herufi zilipishana: badala ya Percy aliandika Precy. Ukimpa tarakimu 7 aliisoma mara moja, lakini neno lenye kutaja namba hiyo hiyo kwa herufi lilimshinda. Hesabu alizipenda, hata za aljebra. Mwalimu aliyemfundisha alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote pale shuleni.

Ninapoisoma taarifa hii huwa nasita penye yule mwalimu. Hakuwa daktari, hakuwa na mashine, lakini alikuwa amemtazama mtoto akaona mambo mawili kwa pamoja: uwezo na ugumu. Wengi wetu tukiona ugumu tunasahau uwezo. Na wengine, hasa wazazi wenye huruma nyingi, tukiona uwezo tunakana ugumu.

Morgan aliuita ugonjwa huo upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Neno upofu wa maneno halikuwa lake. Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alilitumia kwa watu wazima ambao ubongo wao uliumia, kwa mfano kutokana na kiharusi, wakapoteza uwezo wa kusoma ilhali wanaona na wanazungumza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, daktari wa macho Rudolf Berlin wa Stuttgart alichapisha kitabu chenye jina jipya, disleksia, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya ugumu na neno. Huko Glasgow, James Hinshelwood, mpasuaji wa macho, aliandika makala mwaka 1895 juu ya upofu wa maneno, na ndiyo iliyomfungua Morgan macho kuhusu Percy. Hinshelwood aliendelea na uchunguzi huo hadi akatoa kitabu kizima mwaka 1917. Kabla ya hapo, mwaka 1907, alikuwa amekwisha kuandika juu ya ndugu wanne wa familia moja, wote na shida ile ile.

Umeona kitu? Waanzilishi wengi walikuwa madaktari wa macho. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtoto hasomi, basi apelekwe kwa mtu wa macho. Hata leo mzazi akija kwangu na mtoto asiyesoma, jambo la kwanza anauliza ni miwani. Simlaumu. Macho yapimwe, na masikio yapimwe, kwa sababu kuna watoto ambao kweli shida yao ni kuona ubao au kumsikia mwalimu. Lakini macho yakishapimwa na yakawa salama, tuache kuzunguka huko. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na madaktari wa macho wa Marekani walitoa taarifa ya pamoja wakasema kwamba mazoezi ya macho na miwani ya rangi maalumu havina ushahidi wa kutibu disleksia. Mtu akikuuzia miwani ya rangi, au dawa ya maji ya kuongeza akili, weka pesa zako mfukoni. Zitanunua vitabu.

Ndugu wanne wa Hinshelwood nao wana funzo. Shida hii hutembea katika familia. Nilipomuuliza yule nyanya kama kuna mwingine nyumbani, alicheka kwanza, halafu akanyamaza. Mwanawe wa kiume, yaani baba ya kijana, alitoroka shule akiwa darasa la sita. Alichapwa mpaka akachoka. Majirani walisema amerogwa, na familia ilitumia mbuzi wawili kwa mganga. Sasa ni fundi wa pikipiki, na fundi mzuri, lakini hajawahi kutia sahihi karatasi bila kumtafuta mtu wa kumsomea.

Tuvuke bahari twende Marekani. Mwaka 1925 Samuel Orton, daktari wa akili na ubongo katika jimbo la Iowa, alitoka hospitalini akapeleka kliniki ya kutembea mashambani, mfano wa kliniki zetu za vijijini. Walimu waliombwa walete wanafunzi waliokuwa wakianguka masomo. Mmoja alikuwa mvulana wa miaka 16, ambaye katika maandishi ya Orton anaitwa kwa herufi mbili tu, M.P. Hakuwa akisoma. Kipimo cha akili cha siku zile kilimpa alama 71, alama ya mtu mzito wa kuelewa. Orton alikaa naye, akamuuliza mambo ya mashine na jinsi zinavyofanya kazi, akaona kwamba kipimo kile hakikumtendea haki. Nikisoma habari hiyo namwona kijana wangu wa redio.

Orton alikosea pia, na tuseme wazi. Alidhani shida inatokana na pande mbili za ubongo kugombania uongozi, ndiyo maana herufi zinageuka. Maelezo hayo yalikwisha kuachwa. Lakini alifanya jambo ambalo wa kabla yake hawakulifanya kwa upana: alitafuta jinsi ya kuwafundisha. Mwalimu Anna Gillingham, akisaidiana na mwenzake Bessie Stillman, aliyapanga mawazo yake kuwa mafunzo ya hatua kwa hatua, na kitabu chao cha walimu kilitoka mwaka 1936. Njia yao si ya ajabu. Mwanafunzi huiona herufi, huitamka sauti yake, hujisikia akiitamka, na wakati huo huo mkono wake huichora. Macho, mdomo, sikio na mkono hufanya kazi pamoja. Huanzia sauti moja, haendi ya pili mpaka ya kwanza imekaa. Hilo linahitaji saa nyingi na mwalimu mvumilivu, na kwa darasa lenye wanafunzi 60 najua unanicheka.

Sasa, shida yenyewe ni nini ikiwa si macho? Katika miaka ya 1970 Isabelle Liberman na wenzake huko Connecticut waliwapa watoto wadogo mchezo: sikia neno, kisha gonga meza mara nyingi kama zilivyo sauti ndani ya neno. Watoto waliweza kugonga silabi mapema kuliko sauti moja moja. Tangu hapo uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wengi wenye disleksia hupata taabu kuzitenga sauti ndogo za neno na kuziunganisha na herufi. Ni shida ya lugha, inayojitokeza kwenye maandishi. Na kwa sababu ni shida ya lugha, kijana anaweza pia kusahau maagizo marefu ya mdomo, kutafuta neno na kulikosa, au kuandika insha fupi yenye makosa hali kichwani ana hadithi nzima.

Hapa sisi Wakenya tuna jambo letu la pekee. Unakumbuka ba, be, bi, bo, bu? Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na silabi zake zimenyooka. Mtoto mwenye disleksia anaweza kujikokota nazo akapita madarasa ya chini bila mtu kugutuka. Halafu anafika shule ya upili. Bayolojia, Historia, Jiografia, Biashara, yote kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zile zile hutoa sauti hii hapa na sauti nyingine pale, na nyingine hazitoi sauti kabisa. Basi shida iliyokuwa imejificha miaka mingi inaonekana ghafla, na watu wanasema, "Huyu alikuwa anasoma, siku hizi ameharibika." Hajaharibika. Mlima umeongezeka.

Mwaka 2001 watafiti wa Ulaya walilinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia nchini Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano huandikwa kinavyosemwa, kama Kiswahili. Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wengine. Lakini ubongo ulipopigwa picha wakati wa kusoma, sehemu ile ile ya upande wa kushoto ilikuwa imepoa kwa wote wa nchi tatu. Nalichukua hivi: kijana wako akisoma Kiswahili bila makosa lakini polepole mno, huku kidole kikifuata kila silabi, usimwambie amepona. Mwendo wake ni dalili pia.

Nirudi kwenye hadithi yangu, maana nilisema ni ya kosa na bado sijafika penyewe. Vile vidonge vilikuwa kosa dogo.

Baada ya kuelewa shida ya kijana nilimwita dada yake mkubwa, msichana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Nikamwambia, "Wewe ndiwe macho ya mdogo wako. Msomee kila kitu." Na kweli alisoma. Kila jioni madaftari yote, kazi zote za ziada, hata barua za shule. Aliandika insha huku kijana akisema, na mara nyingine, nilijua baadaye, aliandika bila kijana kusema. Alama zikapanda mihula miwili. Nyanya akaniletea kuku. Nikajiona mtaalamu.

Muhula uliofuata dada alipata kazi Mombasa. Kijana akabaki na madaftari asiyoyajua yana nini. Wiki tatu hakwenda shule. Nilipomtembelea alikuwa amelala mchana, ameelekea ukutani, na alisema sentensi moja ambayo nimeibeba: hakujua kama zile alama zilikuwa zake au za dada. Nilikuwa nimempa mkongojo bila kumfundisha kutembea, na mkongojo ukapanda basi ukaenda pwani.

Ndipo nikaanza kutafuta: wenzetu waliotutangulia walifanyaje na vijana wakubwa? Nikaona kwamba nao walijikwaa pale pale. Mwaka 1963 Samuel Kirk alizungumza na wazazi waliokutana Chicago, na kutoka hapo jina la pamoja la ulemavu wa kujifunza likashika. Wazazi hao walipigania sheria, na mwaka 1975 Marekani ikapitisha sheria ya kumpa kila mtoto mlemavu elimu ya serikali inayomfaa, pamoja na mpango wake binafsi wa masomo. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini watoto wale walikua. Walimaliza shule, wakaacha nyuma walimu wote waliokuwa wakiwashika mkono, na wengi walikwama nje ya lango. Kwa hiyo sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1990 liliingizwa sharti la kupanga mapema maisha ya baada ya shule: chuo, kazi, makao. Na mwanafunzi mwenyewe aalikwe kwenye kikao kinachopanga maisha yake. Hebu fikiri. Ilichukua miaka 15 watu wazima kukumbuka kumwita mwenyewe.

Wengine walikuwa wameshaanza bila kungoja sheria. Mwaka 1971 Charles Drake alifungua huko Massachusetts shule inayoitwa Landmark kwa ajili ya vijana wenye disleksia, na mwaka 1985 kikafunguliwa chuo cha Landmark katika mji wa Putney, Vermont, ili wenye shida hiyo wapate elimu ya juu. Ada za mahali kama hapo si za kutamkwa katika kipindi cha watu wa kawaida, kwa hiyo sikai hapo.

Kilichonisaidia zaidi ni uchunguzi wa kituo cha Frostig cha Pasadena, California. Waliwafuatilia watu 41 waliokuwa wanafunzi wao wenye ulemavu wa kujifunza, kwa miaka 20, wakatoa matokeo mwaka 1999. Walitaka kujua ni nini kilichowatofautisha waliofanikiwa maishani na waliokwama. Haikuwa alama za kipimo cha akili, wala haikuwa alama za darasani. Waliofanikiwa walijijua, yaani waliweza kutaja ugumu wao na uwezo wao bila kuona haya. Walichukua hatua wenyewe badala ya kungojea. Hawakukata tamaa upesi, walijiwekea malengo wanayoweza kuyafikia, walijua namna ya kubeba hasira na huzuni. Na walikuwa na watu wa kuwasaidia. Hilo la mwisho lisikupite: kujitegemea hakukuwa kuishi bila msaada, kulikuwa kujua msaada gani, kwa nani, na kuuomba mwenyewe.

Tukaanza upya na kijana wangu. Nakueleza tulivyofanya, si kwa sababu ni kanuni ya serikali, bali kwa sababu unaweza kuijaribu nyumbani.

Kwanza nilimwambia jina la shida yake. Nilimsimulia habari za Percy na M.P. Alikaa kimya, halafu akauliza, "Kwa hivyo walikuwepo kabla yangu?" Sijui kama kuna kidonge ambacho kingemfanyia kazi hiyo.

Halafu tukagawa kazi. Mwanzoni mimi na nyanya tulikwenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kijana akiwa nasi lakini sisi tukisema. Muhula uliofuata alisema yeye, sisi tukiwa tumeketi nyuma. Kufika Kidato cha Tatu alikwenda peke yake. Tulifanya mazoezi ya maneno hayo pale pale chumba cha sindano, wakati hakuna wagonjwa: "Mwalimu, mimi husoma polepole kwa sababu nina disleksia. Nikiijua aya tangu jana nitaisoma darasani. Naomba unionyeshe mapema." Mara ya kwanza sauti ilimtetemeka. Mwalimu mmoja alimjibu vibaya, na ilibidi tuzungumze pia juu ya hilo, kwamba kuomba si lazima kupewa. Mwingine alimruhusu kujibu maswali ya marudio kwa mdomo, akagundua ana mwanafunzi ambaye hakuwahi kukutana naye.

Kusomewa hakukukoma, lakini kulibadilika. Badala ya dada kusoma kila kitu, kijana alipaswa kwanza kuangalia vichwa vya sura na michoro, aseme anadhani sura inahusu nini, kisha achague aya mbili za kujisomea na nyingine asomewe. Simu ya nyanya ilikuwa ya tochi tu, lakini binamu yake alikuwa na simu ya kisasa inayosoma maandishi kwa sauti, na wakati wa likizo aliitumia. Maneno marefu tulimfundisha kuyakata. Chukua photosynthesis: photo ni mwanga, synthesis ni kuunganisha. Mswahili hili si geni kwake, kwani neno kama hawajatusomea lina watu, wakati na kukana ndani yake, na kila mtoto analipasua bila kufundishwa. Akishajua mizizi kumi au ishirini, kitabu cha Bayolojia hupungua ukali.

Jambo moja lilikuwa gumu kwangu: kumwacha akosee. Kuna kazi ya Jiografia aliisahau kwa sababu hakuiandika katika kidaftari chake cha mfukoni. Nyanya alitaka kwenda kumwombea msamaha. Nikamzuia mlangoni. Alipata sifuri, na tangu siku hiyo kidaftari hakikutoka mfukoni. Lakini nakuonya, mzazi: mwache akosee katika mambo anayoweza kuyashika. Kumwacha azame katika jambo ambalo hajafundishwa ni kumtupa tu.

Na sisi Kenya tumefika wapi? Mwaka wa 1964, mara tu baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa iliangalia malezi ya walemavu, na kwa miaka mingi tuliona ulemavu unaoonekana kwa macho: asiyeona, asiyesikia, asiyetembea. Mwaka 1984 vilianzishwa vituo vya kupima watoto na kuwapa ushauri wa elimu, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, na mwaka 1986 Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ikaanza kufundisha walimu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja walimiminika madarasani, na pamoja nao wale ambao zamani wangebaki nyumbani wakiitwa wajinga. Sera ya elimu maalumu ya mwaka 2009 ilihesabu matatizo ya kujifunza miongoni mwa mahitaji maalumu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu pamoja na wengine.

Karatasi tunazo, basi. Darasani ni habari nyingine. Mimi nimesoma chini ya mtaala wa 8-4-4, na katika darasa letu la nane alikuwepo msichana aliyeketi nyuma kila mwaka kwa sababu alisoma vibaya. Aliweza kukumbuka hotuba nzima ya padre. KCPE ilimtoa nje ya masomo kwa siku tatu tu. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, naye sasa ni mama wa watoto wanne. Mmoja wao husoma kama yeye.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama una kijana wa namna hii, fanya hivi. Mpeleke apimwe macho na masikio katika kituo cha afya. Kisha ulizia kituo cha EARC kupitia afisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Beba ripoti zake za shule za miaka iliyopita, daftari moja la insha, na kadi ya kliniki kama bado unayo. Beba na kijana mwenyewe, aulizwe yeye. Matokeo ya upimaji yapeleke shuleni mapema, kwa maana shule ndiyo humwandikisha mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu kwa Baraza la Mitihani ili afikiriwe muda wa ziada, na uandikishaji hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani. Ukienda wiki ya mtihani utarudishwa. Kama kijana amebadilika, halali, hali, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, usingoje EARC. Mlete kwetu siku hiyo hiyo.

Yule wa redio alimaliza Kidato cha Nne kwa alama ya D+, akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme. Wiki ya kwanza alimwendea mwalimu wake akamwambia jinsi anavyosoma. Hakuna aliyemtuma. Mwalimu akamwambia nadharia ataifanya polepole, lakini nyaya zisisubiri. Bado anahesabu maneno kwa kidole, na mtihani mmoja ameurudia mara mbili. Mara ya mwisho nilipomwona, alikuja kufungwa kidonda cha kiganja, akachukua bahasha ya vidonge mkononi mwangu kabla sijaanza kueleza. Akasema, "Ngoja, Sista." Nikangoja. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na mtoto wa mtu analia.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu kisukari na miguu. Kwaheri ya kuonana.